Kamba ya Fundi Hamduni

Mtu mmoja alibeba udongo wa wenzake kwa miaka kumi na minane. Jina lake Kashindye. Kazi yake ilikuwa ile ambayo kila anayejenga anaihitaji na hakuna anayeikumbuka nyumba ikishaisha: kuchota maji, kukoroga udongo, kupandisha matofali juu ya jukwaa, kuosha miko ya wakubwa jioni. Watu wa kazi hiyo tunawaita saidia fundi. Mji wake ulikuwa wa bara, wenye ardhi nyekundu na matofali ya kuchoma, na mtaa mzima wa upande wa stesheni ulipanda juu kwa mabega yake. Lakini ungemuuliza amejenga nyumba ngapi, angekujibu kwamba hajajenga hata moja, maana hakuwa mwongo.

Aliyemtumikia aliitwa Fundi Hamduni. Huyu hakuwa mtu mbaya. Lishikeni hilo tangu sasa, kwa kuwa huko mbele mtatamani kumchukia, na kumchukia mtu mmoja ni njia nyepesi ya kujitoa lawamani. Hamduni alilipa ujira siku ya kulipa. Hakutukana mtu. Saidia wake akiugua, alimpelekea sukari, akakaa naye kumjulia hali. Nyumba zake zilisimama wima na watu walilala ndani yake bila wasiwasi. Ila kulikuwa na kazi moja ambayo hakuifanya mbele ya macho ya mtu.

Siku ya kuanza nyumba, Fundi Hamduni alifika kiwanjani peke yake, alfajiri, kabla ya wasaidizi. Alitoa mkobani kamba yenye mafundo, akaivuta, akaikunja pembe, akapigilia vigingi vyake, akatambaza uzi. Kisha aliizungusha ile kamba na kuirudisha mkobani. Wasaidizi walipofika na masululu yao waliikuta nyumba imekwisha kuchorwa chini kwa uzi, kona zake nne zimenyooka, wao wakabaki kuchimba. Hivyo ndivyo walivyofanya mafundi wote wa mji ule. Mtu angeweza kupanga matofali vizuri kuliko wote, lakini kama hajui kupiga kona, yeye ni saidia, na atazikwa saidia.

Elimu hiyo ilikuwa na kilemba chake. Mwanafunzi alimpelekea mwalimu wake beberu aliyenona na kanzu mpya. Mafundi wakaitwa, wakala, wakaomba dua, na kesho yake alfajiri mwanafunzi akachukuliwa kiwanjani kuonyeshwa. Mafundi walikiita kilemba hicho heshima. Kila mmoja wao alikitoa kwa shida, na kwa sababu alikitoa kwa shida hakuona kwa nini mwingine apewe bure. Ukitafakari utaona kwamba hakuna hata mmoja aliyefaidika sana, maana beberu mmoja huliwa siku moja. Walichokuwa wanakilinda ni ile shida yenyewe.

Kashindye alijaribu. Beberu wa kwanza alimlea miaka miwili, akachinjwa kwenye matanga ya baba yake. Wa pili aliuzwa siku mkewe, Chiku, alipozidiwa kwenye uzazi ikabidi apasuliwe. Mama akapona, mtoto akapona, beberu akaenda. Kashindye hakujutia lolote kati ya hayo mawili, lakini umri haukumsubiri. Alipotimiza miaka arobaini goti lake la kushoto likaanza kukataa ngazi. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, hofu ya kweli, ile inayomkalisha mtu kimya mbele ya chakula chake. Saidia fundi analipwa kwa ajili ya miguu. Miguu ikiisha, hana kitu kingine cha kuuza.

Chuo cha ufundi kilikuwepo, katika mji mwingine. Kilitaka vijana wenye cheti cha kidato cha nne, na Kashindye aliishia darasa la saba. Siku moja walikuja mjini watu waliovaa fulana za rangi moja, wakakodi ukumbi, wakawaambia vibarua kwamba kila mtu anaweza kujiendeleza, kwamba dunia ya leo haimngoji mtu, kwamba kinachohitajika ni nia. Wakagawa soda. Kashindye aliondoka na nia kubwa zaidi kuliko aliyokuja nayo, na hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuwa amepungukiwa.

Akapiga moyo konde. Kama elimu ina bei asiyoiweza, ataitafuta mahali isipouzwa. Nyuma ya nyumba yake alijenga ukuta mmoja kwa matofali yaliyovunjika na udongo wa bure. Akaubomoa. Akaujenga tena. Jumapili baada ya Jumapili aliupandisha na kuushusha, mpaka majirani wakapata cha kuchekea, wakawa wanamuuliza lini atahamia. Mwiko alijifunzia hapo. Timazi aliitengeneza kwa uzi na nati ya baiskeli. Usawa wa ukuta aliupima kwa maji ndani ya mpira mwembamba unaopitisha mwanga, alioupata umetupwa gereji. Kila alichokiona mchana kwa Fundi Hamduni alikijaribu jioni kwa mikono yake mwenyewe, na baada ya miaka mitatu ukuta wake ulinyooka kuliko kuta za wengi wenye jina. Yote hayo hayakumgharimu ila jasho na kuchekwa. Ninyi mnaopenda kusema kwamba mwenye kujibidisha atajifunza hata akiwa hana kitu, hamjakosea. Huyu alijifunza.

Ikabaki kona. Kuuliza aliwahi kuuliza, mara moja, na Fundi Hamduni alimjibu kwa upole kwamba kila jambo lina siku yake. Hakuuliza tena. Kamba hakuweza kuiona, lakini vigingi viliacha matundu ardhini. Kashindye alijizoeza kufika wa kwanza kati ya wasaidizi, wakati Fundi amekwenda kunywa chai na sululu la kwanza halijapigwa, akayatafuta matundu hayo na kuyapima kwa fimbo. Mwanzoni hayakumwambia kitu. Nyumba hata nyumba akaendelea kuyapima, akichora vijistari kwa kaa ukutani kwake, na Chiku akidhani mumewe ameanza kuchanganyikiwa. Mwaka wa pili vile vijistari vikakubaliana. Upande mmoja tatu, upande wa pili nne, na kutoka tundu hadi tundu, kwa kukatisha, tano. Kila nyumba, bila kukosa.

Akasokota kamba ya katani, akaifunga mafundo kumi na matatu yaliyoacha nafasi kumi na mbili, zote sawa. Akaivuta nyuma ya nyumba yake, tatu na nne na tano, na mbele ya miguu yake kona ikasimama yenyewe. Hakuna mtu aliyemfundisha. Alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa furaha, na Chiku alipotoka kumuuliza kuna nini, alimwonyesha kona kwa kidole.

Ningeweza kuishia hapo, nanyi mngerudi nyumbani mmetiwa moyo. Sikuja kuwatia moyo.

Ijumaa moja Fundi Hamduni alikwenda msikitini akaacha mkoba wake kiwanjani. Kashindye alikuwa amebaki peke yake, analinda saruji. Alijua kwamba anachotaka kukifanya si adabu, akakifanya. Alifungua mkoba, akatoa kamba ya fundi, akailaza chini sambamba na yake. Fundo kwa fundo zilikubaliana, tangu nafasi ya kwanza mpaka ya kumi. Ya kumi na moja haikukubali. Kwenye kamba ya fundi nafasi hiyo ilikuwa fupi, imepungua kwa upana wa vidole vinne.

Mtu mwenye kujiamini angesema kamba ya mzee ina kasoro. Kashindye hakuweza hata kuliwaza hilo. Miaka yote ile alikuwa amefundishwa somo moja bila kuambiwa kwa maneno, kwamba yeye hajui. Kwa hiyo alipoiona tofauti kati ya alichokitafuta mwenyewe na kilichofichwa na mkubwa wake, alijisemea kwamba hiki ndicho kinachonunuliwa kwa kilemba. Vidole hivi vinne ndiyo siri. Matundu hayakudanganya, fimbo yake ndiyo iliyodanganya, fimbo ya mtu wa darasa la saba. Akayafungua mafundo yake mawili ya mwisho palepale, kwa meno, akayafunga upya vidole vinne nyuma. Kamba ya fundi akairudisha mkobani kama alivyoikuta. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba sasa amekuwa fundi kamili.

"Na kilemba je?" Chiku akauliza.

"Nimekitoa kwa macho yangu," akasema Kashindye, akacheka. Chiku hakuwa amemwona akicheka namna hiyo tangu walipooana, akacheka naye.

Mwaka uleule akaja Bi Nyamizi. Alikuwa mjane, amepika uji wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo aliishi katika chumba cha kupanga, akihamishwa kila mwenye nyumba alipompata mpangaji mzuri zaidi. Kiwanja alipewa na kaka yake. Matofali aliyafyatua mwenyewe, likizo hata likizo, akayachoma mwenyewe kwa pumba za mpunga. Mabati aliyanunua kwa kiinua mgongo chake, na kiinua mgongo kikaishia hapo. Fundi mwenye jina hakummudu. Habari za ukuta wa Kashindye alizisikia kwa watu waliokuwa wakiucheka, akaja kuuona kwa macho yake, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Mwanangu, na msingi unajua kupima?" akamuuliza.

"Najua, mama."

Wala hakukusudia kusema uongo. Alimuaga Fundi Hamduni kwa adabu, na mzee akamtakia heri, hakumuuliza atapima msingi kwa kitu gani. Siku ya kwanza Kashindye alifika kiwanjani alfajiri, peke yake, maana hakujua kwamba kazi ile inaweza kufanywa watu wakiwepo. Alivuta kamba yake yenye vidole vinne pungufu, akapigilia vigingi. Kona ya kwanza ilimpa shaka kidogo, jicho likamwambia kitu. Akalikemea jicho. Yeye ni nani hata jicho lake libishane na kamba ya Fundi Hamduni?

Kuta zikapanda. Timazi ikasema ziko wima, maji yakasema ziko sawa, na vyote viwili vilisema kweli. Kwa majuma sita mtu huyu alikuwa na furaha ambayo sijui kuisimulia. Wasaidizi wake wawili walimwita Fundi, na mara ya kwanza alipoitwa hivyo aligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa. Goti halikumuuma. Bi Nyamizi alikuja kila siku na sinia la chai, akapita katika vyumba visivyo na paa akionyesha kwa mkono mahali pa kitanda, mahali pa kabati, dirisha litakalomwonyesha barabara. Alisema hataki kufia kwenye nyumba za watu. Alisema hivyo akicheka, lakini Kashindye alijua kwamba hatanii.

Kuta zilipofika kiunoni, Fundi Hamduni alipita njia. Alisimama, akafumba jicho moja, akaitazama kona ya mbele, akaitazama na ya nyuma. Akakohoa kidogo, akaendelea na safari yake. Kashindye alimwona, na ule ukimya akauhesabu kuwa ni heshima ya fundi kwa fundi.

Siku ya kupaua akaja seremala na kenchi zake, mbao za kubebea mabati. Kazi ilikwenda vizuri mpaka mabati ya mwisho. Upande mmoja bati lilipita ukuta kwa karibu futi nzima, likaning'inia. Upande wa pili, juu ya kona ambayo Bi Nyamizi aliichagua kuwa ya kitanda, ukuta ulibaki nje ya bati na anga likaonekana. Hakukuwa na bati la ziada, na hata kama lingekuwepo, kiraka hakiwezi kunyoosha nyumba. Seremala alidhani kosa ni lake. Akashuka, akachukua uzi, akaomba mtu ashike ncha, akapima kutoka kona hadi kona kwa kukatisha nyumba nzima, kisha akapima kona zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vilitakiwa viwe sawa. Vilipishana kwa dhiraa moja.

"Nyumba iko upogo, bwana," akasema kwa sauti ya chini, ili mwenye nyumba asisikie. Lakini Bi Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yao na sinia lake.

Kesho yake asubuhi Kashindye alimfungua beberu wa tatu. Chiku alikuwa akimfuga kwa ajili ya sare za mtoto wao, aliyefaulu kwenda sekondari. Chiku akageuza uso. Kanzu Kashindye alichukua ile aliyoolea, iliyokuwa bado nyeupe. Akavipeleka vyote kwa Fundi Hamduni, akavitua mbele yake, na juu ya kanzu akaiweka kamba yake ya katani.

Mzee aliipitisha ile kamba vidoleni, fundo kwa fundo, mpaka nafasi ya kumi na moja. Hapo vidole vikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Kashindye aliuona uso wake ukibadilika.

"Yangu iliungua," akasema Hamduni. "Cheche ya jikoni, zamani sana, ikala kipande nikaiunga. Kila nikiivuta naongeza vidole vinne kwa mkono wangu. Nimeshazoea, sikumbuki hata kwamba naongeza."

Kashindye alimuuliza kwa nini alipopita njia hakusema kitu.

"Niliona," mzee akajibu. "Lakini ningeanzaje kusema? Hukuwa mwanafunzi wangu, Kashindye. Ulikuwa saidia wangu."

Kisha akamfundisha, kwa kuwa kilemba kilikuwa kimefika naye hakuwa mtu wa kudhulumu. Hakuwaita mafundi wala hakungoja alfajiri. Alichora uani kwa kijiti, akamwonyesha tatu na nne na tano, zote nafasi sawa, akamwonyesha na kupima kwa kukatisha kama alivyofanya seremala. Somo lote liliisha kabla chai haijapoa vikombeni. Kashindye alitoka pale akijua kila kitu. Alijua na jambo ambalo mzee hakumwambia, kwamba kamba yake ya kwanza, ile aliyoisokota mwenyewe kabla hajaona ya mtu, ilikuwa sahihi. Alifika njia panda akashindwa kuendelea. Akakaa kando ya barabara akajiinamia, na wapita njia wakampa pole wakidhani amefiwa.

Akaenda kwa Bi Nyamizi. Akamweleza yote, bila kujificha nyuma ya kamba wala nyuma ya mzee. Akasema sasa anajua kweli, hata akiamshwa usingizini atapima. Akaomba auvunje ukuta wa upande ule mpaka msingini, auanze upya kwa jasho lake, bila ujira, na matofali yatakayovunjika atayafyatua yeye. Bi Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu angemtukana.

"Mwanangu," akasema, "mimi sina nyumba nyingine ya kukufundishia."

Mvua zilianza juma lile, Bi Nyamizi akiwa amekwisha kuhamia humo hivyohivyo. Walitandika turubai juu ya kona, upepo ukalichana. Wakatandika jingine. Udongo ulioyaunga matofali ukanywa maji siku hata siku, na mwezi wa pili ile kona ikadondoka mchana kweupe, Bi Nyamizi akiwa sokoni, ikafunika kitanda. Watu walimsaidia kutoa godoro kwenye tope. Alirudi kwenye chumba cha kupanga, si kile cha zamani, kwa sababu kile kilikuwa kimeshapata mtu. Akikutana na Kashindye njiani alimsalimia kwa jina lake na kumuuliza hali ya watoto. Kashindye akaanza kupita njia nyingine.

Mwaka uliofuata palianza kujengwa zahanati. Mafundi na vibarua walikusanyika asubuhi kiwanjani, na msimamizi, mgeni asiyemjua mtu, akauliza ni nani anayeweza kupima msingi mkubwa kama ule. Fundi Hamduni alikuwa amelala kwa ugonjwa, na wengine walitazamana. Kashindye alijua. Pengine siku ile hapakuwa na aliyejua vizuri kuliko yeye, maana hakuna mwingine pale aliyejifunza kona mara mbili, mara moja kwa akili yake na mara ya pili kwa msiba wa mtu. Akainua mkono. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Fundi Upogo huyo!" na watu wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa mazoea tu. Msimamizi naye akatabasamu, akarudia swali lake akiwatazama wengine. Kashindye akaushusha mkono polepole, kama mtu aliyekuwa anajikuna. Akaokota ndoo iliyokuwa karibu, akaenda bombani akichechemea, na kile alichokijua akaenda nacho.

Naona mnamsikitikia. Wapo kati yenu wanaotumia kamba zilizoungua, wanaongeza vidole vyao vinne kila siku kimyakimya na kuuita ukimya huo heshima ya kazi. Hao wamenisikia, sina la kuwaongezea. Swali langu ni kwenu ninyi wengine mnaofuta machozi, mnaosema moyoni kwamba mtu huyu ameonewa, kwamba alistahili kupewa nafasi ya pili. Ni nani hapa mwenye kiwanja, atakayemwita Kashindye kesho asubuhi aje ampimie msingi?